Tenga Lisiloshuka

Wapendwa, fungeni vitabu kwanza, tutavifungua baadaye. Kaeni vizuri. Baba uliyeanza kusinzia hapo nyuma, sinzia taratibu, safari yetu ya leo haina kona. Nataka tutoke humu ndani kidogo, twende tukasimame kando ya barabara kuu, kule nyanda za juu, mahali ambapo malori yanashuka mteremko mrefu, na kabla hayajapumua yanakuta kilima kingine kinayasubiri. Mmefika? Haya. Tazameni mkono wa kushoto. Pale pana kibanda cha mabati, na mbele ya kibanda, kwenye kiti cha plastiki, amekaa dalali.

Huyu hakuwa dalali wa viwanja wala wa ng'ombe. Alikuwa dalali wa malori. Kazi yake ni kumkutanisha mwenye nyanya na mwenye lori, wakubaliane, mzigo upakiwe, ufike mjini ukiwa bado ni nyanya na siyo mchuzi. Ni kazi ya mdomo, na mdomo alijaliwa. Angeweza kukueleza habari za mvua mpaka ukaondoka umelowa.

Sasa, sehemu ile ina utaratibu wake, na huo nauomba muushike. Malori yanayopita pale yanarudi mjini matupu baada ya kushusha simenti huko mbele. Dereva anautaka mzigo, tena anautaka sana, lakini hataki kusimama bure. Akishapoteza mwendo pale chini ya mteremko, kile kilima atakipanda kwa gia ndogo, gari linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Kwa hiyo kila dalali amesimika mlingoti mbele ya kibanda chake, na kwenye mlingoti kuna kamba, na kwenye kamba kuna tenga, lile la mbao, la kupakia nyanya. Tenga likiwa juu, dereva anajua: mzigo upo, piga breki. Tenga likiwa chini: pita, baba, leo hakuna kitu. Hakuna anayepiga kelele. Tenga linasema kila kitu.

Dalali wetu alipofungua kibanda, siku ya kwanza alipandisha tenga lake, lori likasimama, akapakia, akafurahi. Jioni ikabidi alishushe. Akaishika kamba. Akatazama ng'ambo ya barabara, akaona la jirani yake, dalali mwenzake, bado liko juu. Moyoni akasema, hivi kweli mimi, siku ya kwanza tu, nionekane sina mzigo? Wanaopita watanionaje? Akaiachia kamba.

Kesho yake hakuwa na mzigo. Tenga likabaki juu.

Kiangazi kikaja, mashamba yakakauka hata panzi wakahama. Tenga juu. Masika yakaja, barabara za shambani zikawa uji, hakuna kinachotoka. Tenga juu! Dereva akisimama, dalali anamkimbilia na tabasamu. "Karibu, kaka, karibu. Mzigo uko njiani. Kaa, agiza chai." Dereva anakunywa chai, chai inakwisha, anaangalia saa, anaangalia barabara ya shambani, haoni hata kuku. Anainuka anaondoka, na gia anaiingiza kwa hasira mpaka unaisikia ikilia. Dalali anampungia mkono. "Si kitu! Siku nyingine!"

Wapendwa, msimcheke bado. Tuendelee.

Mwaka mmoja, msimu wa nyanya ulipokaribia, likamjia jambo kubwa. Baba mkwe wake alikuwa mkulima wa nyanya kule bondeni, mzee wa maneno machache, ambaye tangu siku ya mahari hakuwahi kuamini kwamba kuongea ni kazi. Dalali wake wa siku zote alikuwa amehamia mkoa mwingine. Binti wa mzee, yaani mke wa huyu dalali wetu, akaenda kumbembeleza. "Baba, safari hii mpe mkweo." Mzee alifikiri siku nzima. Mwishoni akasema, "Haya." Neno moja, na ndani yake lilikuwemo shamba zima.

Mnaona uzito wake? Nyanya zile zikiharibika, mzee hana shamba lingine, na dalali hana mkwe mwingine.

Basi akajiandaa. Jamani, alijiandaa! Kibanda akakipaka rangi ya samawati. Akanunua turubai jipya na kamba mpya, akawakusanya vijana wa kupakia na kuwaambia wale vizuri, wiki ijayo hakuna kulala. Akashika simu, akawapigia madereva wote anaowajua. "Msimu ndio huo, kaka! Nisiposikia honi yako nitaumwa!" Na wote wakamjibu kwa upole: "Tutakuja, dalali. Tutakuja." Yeye kila "tutakuja" aliihesabu kuwa ni lori.

Ikafika siku yenyewe. Asubuhi mapema trekta likapanda kutoka bondeni na matenga ya nyanya, yakapangwa mbele ya kibanda, ukuta mwekundu, harufu ya shamba imejaa. Mzee naye akaja juu ya trela, amevaa koti lake la kanisani. Akateremka, akajikalia juu ya tenga moja, akaweka mikono magotini, akatulia. Dalali akatazama juu: tenga lake lipo. Akatazama mlima: lori hilo, linashuka. Tupu! Akasugua viganja.

Lori likapiga honi, pooo, likapita.

Akacheka. "Huyo ana haraka, baba. Wapo wengine."

La pili likaja. Honi. Likapita. La tatu, utingo akatoa kichwa dirishani akapunga mkono kwa furaha kabisa, kama mtu anayempungia shangazi. Likapita. Likavuka hatua chache tu, likasimama ng'ambo kwa jirani.

Sasa hebu niwaulize. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini? Maana mtu huyu hakukasirika kwanza. Alishangaa. Likamkaa kichwani kama fumbo. Barabara ni ile ile, malori ni yale yale, tenga lake na la jirani yametoka kwa fundi mmoja. Kwa nini wanamwona, wanamsalimia, lakini hawasimami?

Akasema, mlingoti ni mfupi. Akaunga mti mwingine kwa chini, tenga likapaa. Lori likaja, likapita. Akasema, ni rangi, halionekani. Akapanda ngazi na kopo la rangi, akalipiga jekundu. Likapita jingine. Akasema, jekundu linafanana na nyanya, wanadhani ni nyanya imekwama juu. Akaingia ndani ya kibanda, akatoka na kanga, akaifunga kwenye mlingoti ipepee.

Mkewe, aliyekuwa akiwapikia vijana wa kupakia, akaacha mwiko. "Baba Tulizo! Hiyo kanga si yangu!"

"Ni ya nani?"

"Ya mama yangu! Aliisahau hapa juzi!"

Dalali akageuka polepole. Mzee alikuwa ameinua macho anaitazama kanga ya mkewe inavyopepea hadharani kando ya barabara kuu. Hakusema kitu. Akayarudisha macho kwenye nyanya. Wapendwa, kuna kimya cha mkwe ambacho ni bora utukanwe.

Akaenda kuazima kipaza sauti kwa muuza dawa za panya. "Mzigo upo! Mzigo upo, madereva, leo ni leo!" Basi la abiria likasimama. Mama mmoja akashuka mbio akauliza choo kiko wapi.

Jua likaanza kupanda. Na hapo, kama mjuavyo binadamu, fumbo likikushinda unamtafuta mchawi. Dalali akamtazama jirani yake ng'ambo, anakunywa uji pole pole. Akasema moyoni, ahaa. Akavuka barabara.

"Jirani, shikamoo ya kazi."

"Karibu, jirani. Uji?"

"Uji baadaye. Niambie ukweli. Kwenye huu mlingoti wako unaweka nini?"

"Naweka tenga."

"Na nini kingine?"

Jirani akawaza. "Kamba."

Dalali akauzunguka ule mlingoti kama fundi anayekagua nyumba yenye ufa. Hakuona hirizi, hakuona kitambaa cheusi. Alichoona ni kamba imechakaa, imeng'aa kwa kushikwashikwa, na juu ya mti kuna alama ambapo imekata mbao kwa kupanda na kushuka. Akaitazama sana ile kamba. Kitu fulani kilimgusa akilini, lakini hakikukaa.

"Wewe, una shida ya gari?" jirani akamuuliza. "Maana hili hapa kwangu halijajaa. Wakulima wangu wamevuna kidogo leo."

Sikilizeni swali hilo. Ameulizwa waziwazi na mtu mwenye lori! Nyanya ziko ng'ambo ya barabara, mkwe yuko juu ya tenga. Alichotakiwa kusema ni neno la herufi nne tu: ndio. Unajua alisema nini?

"Mimi? Shida? Aa, jirani! Yangu yako njiani."

Akarudi kwake. Lile lori likafungwa turubai, likaondoka na nafasi yake nyuma.

Mchana ukawaka. Na nyanya, wapendwa, haina subira, haijui kwamba wewe ni mtu wa heshima. Za chini zilianza kusagika. Udongo chini ya matenga ukalowa, nzi wakaja. Vijana wa kupakia, walioshiba vizuri kama walivyoagizwa, wakalala. Mkewe akaacha kumtazama usoni. Ndipo mzee akainuka, akakung'uta koti, akamsogelea.

"Mkwe," akasema, "magari yako wapi?"

Dalali akafungua mdomo. Mdomo ule! Uliowanywesha madereva chai misimu yote! Akautafuta ule usemi wake wa "uko njiani", akaukuta, umekaa kwenye ncha ya ulimi tayari kutoka. Akamtazama mzee, akatazama udongo ulivyolowa. Ukakataa kutoka.

"Baba," akasema, "sina gari. Hakuna lililo njiani. Niliwapigia wote, hakuna aliyekuja, na sijui kwa nini. Ngoja nishushe tenga, nisiendelee kujifanya dalali. Halafu nitavuka nikamwombe jirani msaada, kama bado atanisikia."

Akaenda kwenye mlingoti, akaivuta kamba. Haikutoka. Ilikuwa imeshikana na mti, haijawahi kusogea tangu ilipofungwa. Akavuta kwa mwili mzima, mkewe akaja akashika nyuma yake, wakavuta wawili. Mara ikaachia. Tenga likaporomoka na vumbi, na kanga ya mama mkwe, na kiota cha ndege chenye manyoya ya miaka yote kikamwangukia kichwani.

Na hapo hapo, psshhhh!

Lori limepiga breki. Lori zima, tupu, limesimama pale pale mteremkoni, na la nyuma yake nalo limesimama kwa kuwa la mbele limesimama. Dereva akaruka chini, amevua kofia, ameishika kifuani, anakuja kwa hatua za taratibu.

"Poleni sana," akasema. "Nani amefariki?"

Dalali akiwa na manyoya kichwani akamtazama. "Amefariki nani?"

"Si ndiyo nauliza mimi. Tenga limeshuka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo!" Dereva akamtazama kwa huruma. "Dalali, mimi napita hapa mvua na jua. Tenga lako sijawahi kuliona chini. Kwetu sisi lile ni kama mnara wa simu. Tukiliona tunajua tumemaliza mteremko, tunakupigia honi, tunaendelea, yaliyo chini yake hata hatuyaangalii. Leo nimeona linashuka nikamwambia utingo, shika vizuri, nasimama, yule mtu amepatwa na jambo."

Wapendwa, yule dalali alisimama pale. Lile fumbo lililomsumbua tangu asubuhi likafunguka lote kwa mara moja, na lilipofunguka lilimuuma.

"Hakuna aliyekufa," akasema. Na sauti yake, waliokuwepo walisema, haikuwa ile ya siku zote. "Nina nyanya za baba mkwe wangu, zinaharibika, na sina gari. Nisaidie."

Dereva akayatazama matenga. "Sasa lile tenga lilipokuwa juu tangu asubuhi ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nasema hivyo hivyo."

"Hatukukusikia," dereva akasema. Akageuka akapiga ubao wa lori kwa kiganja. "Utingo! Fungua bodi. Mwambie na huyo wa nyuma asiondoke."

Vijana wakaamshwa. Matenga ya chini yalikuwa yamekwisha kuwa mchuzi, hayo yakabaki pale pale kwa nzi. Mengine yakapanda. Mzee mwenyewe alivua koti akasaidia kupakia, na lilipofika tenga la mwisho alimwachia mkwewe upande mmoja, wakalibeba wawili.

Sasa njooni. Rudini humu ndani, barabara tumeiacha. Nataka kuzungumza na sisi.

Jumapili mimi nasimama pale mlangoni nawasalimia mnavyoingia. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, mchungaji, tunamshukuru Mungu." Mwingine. "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Yule ambaye mume wake hajarudi tangu Alhamisi, nzuri. Yule ambaye mwanawe amefukuzwa shule na hajamwambia mtu, nzuri, tena anacheka. Yule ambaye amekaa gizani wiki nzima hataki hata kuoga, amejipiga pasi, amekuja, nzuri sana mchungaji! Mimi nashika mikono yenu pale, kumbe nashika matenga. Yote yapo juu. Hakuna hata moja linaloshuka.

Halafu tukikaa pembeni tunasema, kanisa hili halina upendo. Watu wanapita tu. Ni kweli, wanapita. Wanakupigia honi, wanakupungia mkono, "Bwana asifiwe, mama!" na kilima mbele. Lakini uliwahi kujiuliza kwa nini hawasimami? Utawalaumu vipi, wakati ulipofiwa tenga lilikuwa juu, ulipofukuzwa kazi lilikuwa juu, na siku ile jirani yako alipokuuliza waziwazi, "Una shida?" ulimjibu, "Mimi? Shida?"

Na msiniambie Mungu anajua. Anajua, ndiyo! Mungu hajawahi kudanganywa na tenga. Yeye anaona mpaka ndani ya kibanda, anaona kile kiota. Lakini huyo uliyekaa naye benchi moja siyo Mungu. Yeye anaona mlingoti tu. Na mara nyingi Mungu anapotaka kukusimamishia lori, dereva anakuwa ni huyo huyo wa benchi lako. Sasa atasimamaje, kama kila siku unamwonyesha kitu kile kile?

Tunajiandaa sana sisi. Tunapaka vibanda rangi. Tunanunua maturubai. Tunafunga kanga za wakwe! Tukishaona watu hawasimami tunaongeza urefu wa mlingoti, tunacheka zaidi, tunaimba kwa sauti zaidi, tunaazima na vipaza sauti. Kushusha tu ndiko tunakokuogopa. Tunadhani tukishusha watatudharau. Yule dereva alimdharau? Alivua kofia!

Nimalize, maana naona akina mama wa zamu ya chakula wameanza kuangaliana.

Tutaomba. Kawaida yetu hapa nikisema tuombe, wote mnasimama kwa pamoja, puu, kama askari, na macho mnafumba. Leo naomba tuache mazoea. Ambaye ni mzima kweli, asimame. Ambaye mambo yamemshinda, abaki amekaa hapo alipo. Asiseme neno, sitamuuliza kitu, wala sitamwita mbele. Akae tu.

Na wewe uliyesimama, ukiona aliye pembeni yako amebaki chini, usifumbe macho kwanza.

Tuombe.